Kuangusha mti kwa pawa soo bila bledi kubanwa wala mti kugeuka: mwongozo kamili

Wakuu, swali ni lilelile kila siku. "Nimekata mdomo vizuri, nikaja nyuma nikakata, mti ukarudi ukakalia bledi." (Mdomo ni lile pengo la pembe linalokatwa upande mti unakotakiwa kulala, bledi ni lile bapa la chuma la mashine linalobeba cheni.) Mwingine anasema alitaka uangukie huku, ukajigeuza ukaenda kule. Afu ukimwambia atume picha ya kisiki unakuta kimekatwa laini toka upande huu hadi ule kama meza, hakuna hata unyuzi mmoja uliosimama. Hapo ndo tatizo lilipo na wala sihitaji kuuliza kingine.

Sikia. Mti hauelekezwi na mdomo peke yake. Unaelekezwa na ule ukanda mwembamba ambao haujakatwa, unaobaki katikati ya mdomo na mkato wa nyuma, tunauita bawaba kwa sababu kazi yake ni ileile ya bawaba ya mlango, inaukubalia mti ulale upande mmoja na inaukatalia kwingine kote. Ukizing'oa bawaba za mlango, mlango unaanguka unakotaka wenyewe. Na mti hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mti una tani kadhaa na wewe umesimama chini yake.

Mwongozo huu ni wa mti ambao shina lake ni jembamba kuliko urefu wa bledi yako, umesimama wima au umeinama kidogo tu, na uko mahali pa wazi. Mti ulio karibu na nyaya za umeme, karibu na nyumba, uliooza ndani au uliokufa kitambo, huo mwachie mtu anayefanya kazi hii kila siku. Mambo ya kibali maliza kabla hujawasha mashine.

Vitu vya kuwa navyo

- Pawa soo (wengine mnaita chensoo) yenye cheni iliyonolewa. Cheni kali inatoa vipande vya mbao, butu inatoa unga. Ukiona unga tu, acha, kanoe, maana cheni butu inakulazimisha usukume mashine kwa nguvu na hapo ndo ajali zinaanzia.
- Petroli iliyochanganywa na oili ya injini za mipigo miwili kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za sasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli. Na oili ya cheni kwenye tangi lake, hiyo ni kitu kingine kabisa.
- Kabari mbili au zaidi, za plastiki, alumini au mti mgumu. Za chuma HAPANA, cheni ikigusa chuma inavunjika meno au inakatika.
- Nyundo nzito au shoka la kugongea kabari.
- Helmeti yenye wavu wa uso na vizuia sauti. Pawa soo inapiga zaidi ya desibeli 100, masikio hayapati spea.
- Suruali maalum ya pawa soo. Hii ndo watu wanairuka wakidhani ni mbwembwe. Ndani yake kuna nyuzi ndefu, cheni ikigusa zinatoka zinajisokota kwenye gia na kuisimamisha cheni. Suruali ya jinzi haifanyi hivyo hata uvae tatu.
- Buti zenye chuma mbele na soli inayoshika, na glavu.
- Boksi la huduma ya kwanza lenye bandeji kubwa ya kubana jeraha, likae mwilini au karibu kabisa, sio kwenye gari kule barabarani.
- Mtu wa pili. Asiwe anakusaidia kushika kitu, awe mbali anakuona. Kazi hii haifanywi peke yako.

Hatua ya 1: Usome mti kabla hujaugusa

Zunguka mti mara mbili. Mara ya kwanza angalia juu, ya pili angalia chini.

Juu unatafuta matawi makavu yaliyoning'inia na matawi yaliyoshikana na mti wa jirani. Tawi kavu linaweza kuchomoka kwa mtikisiko wa mashine tu, kabla hata mti haujaanza kwenda, na wapo walioumia msituni ambao hawakuumizwa na mti wenyewe bali na kitu kilichotoka juu yao. Ukiona tawi la hivyo juu ya sehemu utakayosimama, badilisha mpango.

Angalia pia uzito wa matawi umelalia wapi. Shina linaweza kuwa limenyooka kabisa lakini matawi yote mazito yako upande mmoja, mti huo kwa akili yake umeinama. Simama mbali kidogo, tazama toka pande mbili zinazotengeneza pembe mraba, maana toka upande mmoja jicho linakudanganya.

Chini angalia kama kuna uyoga kwenye shina, tundu, au sehemu inayolia kama ngoma ukiigonga kwa nyuma ya shoka. Mti uliooza hauna bawaba ya kutegemea. Acha.

Upepo nao. Upepo wa kuyumbisha vilele ukiwa unatoka upande usioutaka, rudi kesho. Mti hauna haraka.

Mwisho wa hatua hii uwe unaweza kunyoosha kidole na kusema "utalala pale", na kama huwezi kusema hivyo kwa uhakika bado hujamaliza hatua ya 1.

Hatua ya 2: Pima urefu, fukuza watu

Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali wa toka jicho lako hadi ngumi yako ukinyoosha mkono. Kishike wima mkono ukiwa umenyooka, rudi nyuma taratibu hadi chini ya kijiti kiguse shina na ncha yake iguse kilele cha mti. Pale uliposimama hadi kwenye shina ndo urefu wa mti, takriban, na ndipo kilele kitafika kikianguka upande huo.

Sasa zidisha mara mbili. Mtu yeyote, mtoto, mbwa, gari, wakae zaidi ya urefu wa miti miwili toka shinani, pande zote na sio mbele tu. Mti ukigonga mwingine unaweza kurusha magogo na matawi mbali sana, na ukigeuka utageuka kwenda usikotegemea.

Hatua ya 3: Safisha na tengeneza njia ya kukimbilia

Ondoa vichaka na mawe kuzunguka shina mpaka uweze kusimama vizuri bila kujikwaa. Kata matawi ya chini yanayokugusa.

Njia ya kukimbilia iwe nyuma na pembeni, kama nyuzi 45 toka mstari wa nyuma wa mti. Usikimbie nyuma moja kwa moja, maana shina linaweza kuteleza au kuruka kurudi nyuma juu ya kisiki. Usikimbie pembeni moja kwa moja pia, mti unaweza kujiviringisha. Fanya mbili, kulia na kushoto, hujui utatoka upande gani. Itembee, ndio, itembee kwa miguu kabla hujawasha. Mimi mara ya kwanza niliiangalia tu kwa macho nikasema iko safi, afu mti ulipoanza kulia nikageuka mguu ukaingia kwenye mzabibu pori, nikaanguka kifudifudi mita mbili toka kisiki. Mti ulienda sawasawa, namshukuru Mungu, lakini nilikaa chini nusu saa mikono inatetemeka.

Hatua ya 4: Washa na ujaribu mashine

Weka mashine chini mahali tambarare, breki ya cheni imefungwa, mkono wa kushoto kwenye mpini wa mbele, mguu wa kulia ndani ya mpini wa nyuma, ndo uvute kamba. Ile ya kuining'iniza mkono mmoja huku unavuta kwa mwingine inapendeza kwenye video, hospitali haipendezi.

Kabla ya kukata jaribu vitu vitatu. Fungua breki, piga resi kidogo, afu sukuma breki mbele kwa nyuma ya mkono wa kushoto: cheni isimame hapo hapo. Achia resi kabisa: cheni isizunguke injini ikiwa inanguruma taratibu, ikizunguka mashine inahitaji kurekebishwa. Elekeza ncha ya bledi kwenye kisiki au karatasi upige resi: uone matone ya oili yakirushwa. Hakuna oili, hakuna kazi.

Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini wa mbele. Wengine wanakilaza juu pamoja na vidole vingine, sasa robo ya juu ya ncha ya bledi ikigusa kitu mashine inaruka kurudi usoni kwako kabla hujapepesa, na kidole gumba ndo kinachokubakiza na mpini mkononi. Kwa sababu hiyohiyo usikate kwa ncha, na usikate juu ya mabega.

Hatua ya 5: Mdomo

Mdomo unakatwa upande ule mti unakotakiwa kulala. Kina chake ni moja ya tano hadi robo ya kipenyo. Shina la sentimita 40, basi mdomo wa sentimita 8 hadi 10. Ukienda ndani zaidi unakosa nafasi ya kabari nyuma na mti unaanza kukuamulia.

Anza na mkato wa juu, ule wa mteremko. Mashine nyingi zina mstari uliochorwa au kupigwa mhuri kwenye bodi, unakwenda pembe mraba na bledi. Elekeza mstari huo kule unakotaka mti ulale, kama unalenga bunduki. Mstari ukielekea pale, mdomo nao unaelekea pale.

Afu mkato wa chini, ulale kabisa, ukakutane na ule wa juu. Kuna ujanja hapa: ukianza na wa juu unaweza kuchungulia ndani ya ufa wake na kuona cheni ya mkato wa chini inapofika. Ikifika tu, acha.

Mikato hii miwili IKUTANE, isipitane. Nalirudia kwa sababu ni kosa la pili kwa wingi baada ya kukata bawaba. Mkato mmoja ukizidi hata sentimita mbili ndani ya mwingine, unabaki ufa mwembamba ambao mti ukianza kulala unafunga mapema, bawaba inavunjika mti ukiwa bado umesimama nusu, na kuanzia hapo hakuna anayejua unakwenda wapi. Ukizidisha, usijidanganye, sogeza mkato wa pili nao kidogo vikutane upya, ilimradi kina kisipite robo.

Uwazi wa mdomo usipungue nyuzi 45. Mimi napenda 60 hadi 70, maana mdomo mpana unafunga mti ukiwa umekaribia chini, kwa hiyo bawaba inauongoza karibu safari yote.

Ulivyofanikiwa: kona ya ndani ya mdomo ni mstari mmoja ulionyooka, urefu wake kama asilimia 80 ya kipenyo, na ukiweka fimbo kwenye mstari huo, mti utalala pembe mraba na fimbo. Kama haielekei unakotaka, rekebisha sasa. Baada ya mkato wa nyuma ni too leti.

Hatua ya 6: Mkato wa nyuma na bawaba

Hapa ndo mnapofeli, kwa hiyo polepole.

Mkato wa nyuma unalala kabisa, na unakuwa juu ya kona ya mdomo kwa sentimita 2 hadi 3. Ile ngazi ndogo inazuia shina kuteleza kurudi nyuma kwako. Watu wanakata nyuma kwa mteremko wakiamini mti "utateleza mbele", hiyo ni hadithi, mteremko unakuharibia kipimo cha bawaba na kabari inakosa mahali pa kukaa.

Kabla ya kuanza, chukua chaki au kucha ya shoka uchore mstari pembeni ya shina, pande zote mbili, pale bawaba inapoanzia. Unene wake ni moja ya kumi ya kipenyo. Sentimita 40, bawaba ya 4. Huo mstari ni ukuta, cheni haivuki.

Piga kelele, angalia mwenzako yuko wapi, mwone kwa macho. Ndo uanze.

1. Ingiza cheni kwa resi kamili, ukiwa umesimama pembeni ya mashine na sio nyuma yake moja kwa moja.
2. Ukishaingia kiasi cha kabari kukaa nyuma ya bledi bila kuigusa, simama, ingiza kabari, igonge kidogo ikae. Usingoje umalize. Bledi zote zinazobanwa zinabanwa kwa sababu kabari ilikuwa kwenye begi.
3. Endelea kukata sambamba na mdomo hadi ukaribie mstari. Punguza mwendo.
4. Simama. Zunguka ukaangalie upande wa pili. Huoni ncha ya bledi ukiwa upande huu, na ndo maana visiki vingi vina bawaba nene upande wa mkataji na upande wa pili hakuna kitu. Bawaba ikiwa nene upande mmoja mti unavutwa kwenda upande huo mnene. Wale wa "mti wangu uligeuka" jibu lenu hilo.
5. Unene ukiwa sawa pande zote, acha kukata. Mti haujaenda? Sawa kabisa, haukutakiwa kwenda kwa cheni, utakwenda kwa kabari. Toa mashine, funga breki, iweke pembeni, chukua nyundo.

Ngoja niwape hesabu ili muache kudharau kabari. Mti wa mita 20, toka bawaba hadi kabari ilipo ni sentimita 25. Ukiinua nyuma kwa sentimita 1 tu, kilele kinasogea kama sentimita 80. Sentimita moja! Gonga moja kushoto, moja kulia, tazama juu kila baada ya mapigo machache. Zikiisha kabari na mti bado umesimama, punguza bawaba kidogo sana, milimita sio sentimita, afu gonga tena.

Hatua ya 7: Ondoka

Mti unasema kabla ya kwenda: ufa wa nyuma unapanuka, unasikia nyuzi zinalia, kilele kinaanza kutembea. Ukiona kimoja, usikate tena, usigonge tena. Toka kwa njia uliyoitengeneza, mita tano au zaidi, unatembea haraka huku jicho liko juu. Mashine ikitoka nenda nayo, ikigoma iache hapo. Mashine inanunuliwa.

Ukishaanguka usirudi mbio. Subiri, tazama matawi ya miti ya jirani, kuna vipande huwa vinakaa juu dakika moja mbili ndo vinashuka.

Yakiharibika

*Bledi imebanwa.* Zima injini. Usiivute kwa hasira, unapinda bledi. Gonga kabari nyuma hadi ufa ufunguke, ndo uitoe. Kama hukuweka kabari na hakuna nafasi ya kuingiza, fungua injini itoke kwenye bledi, bledi na cheni zibaki mtini, afu tafuta bledi nyingine au winchi. Mti uliokatwa nusu hauachwi na mtu chini yake, hata kwa dakika ya kwenda kunywa maji.

*Mti umenasa kwenye mwenzake.* Hii inaua. Usipite chini yake, usiupande, na kamwe usikate ule uliouzuia. Uvute toka mbali kwa winchi au trekta kwa upande wa shina, au uzungushe kwa nyenzo ukiwa upande wa pili wa unakobingirikia. Huna vifaa? Weka alama, zuia watu, kaite wenye navyo.

*Mti umeinama sana mbele.* Njia niliyoeleza hapo juu haiufai, kwa sababu ukikata nyuma mti unaanza kwenda kabla hujafika kwenye bawaba, shina linapasuka kwa urefu kwenda juu na kipande cha nyuma kinaruka kama teke la punda. Huo unakatwa kwa kuchoma bledi katikati nyuma ya bawaba, yaani kuizamisha kwa ncha kama kisu, unaacha mkia nyuma unaoushikilia mti, na mkia unaukata mwisho ukiwa pembeni. Kuchoma kunaanzwa kwa sehemu ya chini ya ncha, ile ya juu inaruka. Jifunze kwanza kwenye kisiki kirefu, na mtu anayejua akiwa pembeni, mwongozo wa kusoma hautoshi kwa hilo.

Hatua ya 8: Soma kisiki

Hii watu hawafanyi, na ndo ingewafundisha kuliko mimi. Zima mashine, piga magoti.

Kisiki kizuri kina ukanda wa nyuzi zilizochanika katikati, unene sawa toka mwanzo hadi mwisho, mbele yake mdomo uliokutana kwenye mstari mmoja, nyuma yake sakafu iliyolala na iko juu kidogo. Nyuzi ndefu zilizovutika zinakwambia bawaba ilifanya kazi mpaka mwisho. Nyuzi fupi zilizokatika pu, mdomo wako ulikuwa mwembamba au mikato ilipitana. Sakafu laini upande mmoja na nyuzi upande mwingine, ncha ya bledi ilivuka mstari usipoona. Sakafu laini kote, ulibahatika.

Pima bawaba kwa rula, andika kipenyo cha shina na unene uliobaki, na uelekeo uliopanga na uliotokea. Ukifika mti wa kumi utaona mkono wako unazidisha upande gani, wangu ulikuwa unazidisha upande wa mbali kila mara, na ilibidi nianze kuchora mstari wa chaki kule kwanza.